Majukwaa ya Ngomeni na Mzunguko wa Dunia

Kaskazini ya Malindi, pale pwani ya Kenya inapopinda kuingia Ghuba ya Ungwana, majukwaa ya chuma yamesimama baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni. Moja linaitwa San Marco, jingine Santa Rita. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo zikafika angani na kuizunguka Dunia, jambo ambalo halijafanyika mahali pengine popote Afrika kusini ya Sahara. Waliojenga walikuwa Waitaliano, roketi zilikuwa za Kimarekani, na bahari ni ya Kenya. Kilichowakutanisha hapo ni hesabu: San Marco iko nyuzi 2 na dakika 56 tu kusini ya ikweta, na kitu kinachotaka kuizunguka Dunia hupata hapo msaada ambao Ulaya nzima haina.

Hesabu yenyewe inaanzia kwenye jambo dogo. Kitu kinachokwenda, kisiposukumwa wala kuvutwa, huendelea katika mstari mnyoofu kwa kasi ileile. Ili kiende duara, lazima kivutwe bila kukoma kuelekea katikati ya duara hilo. Mchunga mbuzi anayezungusha kombeo hufanya kazi hiyo kwa mkono wake. Kamba hulivuta jiwe, na jiwe, ambalo kila nukta lingekwenda zake moja kwa moja, hupindishwa njia kidogo kidogo mpaka duara linatimia. Akiachia ncha moja ya kamba, jiwe haliruki kutoka katikati kwenda nje, kama wanavyodhani wengi, hata waliopita darasa la fizikia. Hushika mstari uleule lililokuwa likiuelekea wakati wa kuachiwa, yaani tanjenti ya duara. Nguvu ya kulivuta nayo haikui sambamba na kasi, bali na mraba wake: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inayohitajika ni mara nne. Ndiyo maana kombeo likizungushwa kwa pupa hukatika kamba.

Kanuni fupi hivyo iliwachukua wasomi karibu miaka elfu mbili. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle alifundisha kwamba mwendo wa duara ndio asili ya vitu vya mbinguni, na kwa hiyo haukuhitaji kuelezwa. Kilichohitaji maelezo ni mwendo wa vitu vya duniani, vinavyoanguka na kusimama. Fundisho hilo lilisomwa Baghdad, Cordoba na Paris, na lilidumu kwa sababu lililingana na macho: nyota huzunguka na hakuna anayeonekana akizivuta. Copernicus alipoitoa Dunia katikati mwaka 1543 na kuizungusha kwenye mhimili wake, swali likageuka. Ikiwa ardhi inazunguka, kwa nini watu na mawe hawarushwi angani? Galileo alilijibu katika kitabu chake cha mwaka 1632 kwa kudai kwamba hata Dunia izunguke kwa kasi gani, uzito utashinda daima. Jibu hilo si sahihi. Yeye alilitoa kwa mchoro na maneno. Kipimo cha nguvu inayohusika hakuwa nacho.

Kipimo kilipatikana mwaka 1659 kwa Christiaan Huygens, Mholanzi aliyekuwa ametengeneza saa ya pendula miaka mitatu tu kabla. Ndiye aliyeonyesha habari ya mraba wa kasi, na kwamba kwa kasi ileile duara kubwa hudai nguvu ndogo kuliko duara dogo. Hakuwa na haraka ya kuchapisha. Kanuni zake alizitoa mwaka 1673, mwishoni mwa kitabu kuhusu saa, tena bila uthibitisho. Uthibitisho ulitoka mwaka 1703, yeye akiwa amefariki miaka minane nyuma. Huygens aliitazama nguvu hiyo kama msukumo wa kwenda nje. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyemwandikia Isaac Newton mwaka 1679 akimtaka aufikirie mwendo wa sayari kwa namna nyingine: mwendo mnyoofu unaopindishwa na mvuto wa katikati. Newton aliichukua njia hiyo, akaifanyia hesabu ambayo Hooke asingeiweza, akaichapisha mwaka 1687, na akakataa kumpa Hooke sifa aliyoidai. Historia ya sayansi ina ugomvi mwingi wa namna hiyo, na huu si wa heshima kwa Newton.

Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1728, Newton alipendekeza mzinga uwekwe juu ya mlima mrefu kupita hewa yote, ufyatuliwe mlalo. Risasi ikienda polepole itaanguka karibu. Ikienda kasi zaidi itaanguka mbali zaidi, kwa kuwa ardhi nayo inainama chini yake. Ikienda kasi ya kutosha, itakuwa inaanguka muda wote bila kuifikia ardhi, na itarudi mlimani ilikotoka kwa upande wa pili. Hapo kamba haipo. Mvuto wa Dunia ndio unaoishika risasi. Kila setilaiti iliyowahi kuruka ni risasi ya mzinga huo.

Jibu la swali lililomshinda Galileo lilikuwa tayari limepatikana kwa bahati, nalo lilitoka karibu na ikweta. Mwaka 1672 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimtuma Jean Richer kwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, kutazama nyota. Saa yake ya pendula, iliyokuwa sahihi Paris, ilichelewa kule kwa dakika mbili na nusu hivi kila siku, ikabidi afupishe pendula kwa karibu milimita 3. Maana yake uzito wa vitu ulikuwa umepungua. Sehemu ya mvuto wa Dunia pale ikweta hutumika kuvishika vitu visiende mstari mnyoofu wakati ardhi inavizungusha, na kinachobaki ndicho kinachohisiwa kuwa uzito. Sehemu hiyo ni ndogo: mita 0.034 kwa sekunde mraba kati ya mita 9.8. Dunia ingezunguka mara 17 zaidi, siku ikawa ya dakika 84 tu, uzito wote wa ikweta ungekwisha na vitu vingeelea. Galileo alikosea hapo.

Newton aliongeza kwamba Dunia yenyewe lazima iwe imetuna kiunoni kwa sababu ya mzunguko huo, na kwamba kuwa mbali na kitovu kunapunguza uzito zaidi. Wafaransa wengi walibisha, wakatuma watu kupima: kundi moja lilielekea Quito mwaka 1735, jingine Lapland mwaka 1736. Vipimo vilimpa Newton haki. Nusukipenyo cha Dunia kwenye ikweta ni kilomita 6,378, kwenye ncha ni 6,357. Cayenne nayo haikuisha katika habari hii. Ufaransa ilipoondoka Algeria na kupoteza uwanja wake wa roketi katika jangwa la huko, ilichagua Kourou, kilomita kama 60 kutoka pale Richer alipofupisha pendula yake.

Faida ya kukaa karibu na ikweta ina pande mbili, na ule unaotajwa zaidi ndio mdogo. Ardhi ya ikweta husafiri kuelekea mashariki kwa mita 465 kila sekunde. Ngomeni husafiri kwa 464. Roketi inayoondoka hapo kuelekea mashariki inaanza safari ikiwa tayari na kasi hiyo. Kisiwa cha Wallops kwenye pwani ya Virginia, Marekani, kiko karibu nyuzi 38 kaskazini, ambako mduara wa kuzunguka mhimili ni mdogo zaidi, na kasi yake ni 367 tu. Tofauti ni mita 97 kwa sekunde, wakati kasi inayohitajika kuzunguka Dunia kimo cha kilomita 500 na kitu ni mita kama 7,600. Si nyingi, lakini kwa roketi ndogo iliyobeba mzigo hadi ukomo wa nguvu zake, mita hizo zinahesabiwa.

Upande wa pili ni wa mwelekeo. Mvuto wa Dunia huelekea kitovuni, kwa hiyo bapa la mzingo wa setilaiti lazima lipite kwenye kitovu cha Dunia. Setilaiti iliyorushwa nyuzi 38 kaskazini haiwezi kuzunguka juu ya ikweta tu. Itapanda angalau hadi nyuzi 38 kaskazini na kushuka angalau hadi nyuzi 38 kusini katika kila mzunguko. Ili kuugeuza mzingo huo ulale juu ya ikweta, inabidi kuipindisha njia setilaiti ambayo tayari inakwenda mita 7,600 kwa sekunde, na gharama yake ni badiliko la kasi la karibu mita 5,000 kwa sekunde, theluthi mbili ya kazi yote iliyokwisha kufanywa. Hakuna roketi ndogo ya kufanya hivyo. Aliyetaka mzingo wa ikweta kwa roketi ndogo alipaswa kwenda ikweta mwenyewe.

Aliyetaka ni Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma La Sapienza na afisa wa jeshi la anga la Italia. Lengo lake la kisayansi lilikuwa kupima msongamano wa hewa ya juu kabisa katika eneo la ikweta, kitu ambacho kwa setilaiti ya kawaida hukatizwa kila inapohama kwenda kaskazini na kusini. Mwaka 1962 Italia ilikubaliana na NASA: Wamarekani watoe roketi ya Scout na kuwafunza Waitaliano kuirusha, Waitaliano watengeneze setilaiti na uwanja. Wanafunzi wa Broglio walifanya mtihani wao Wallops tarehe 15 Desemba 1964, walipoirusha San Marco 1 wenyewe. Miezi tisa kabla ya hapo, Machi 1964, Kenya ikiwa na miezi mitatu tu tangu kupata uhuru, roketi ndogo za kupima hewa zilikuwa zimeanza kufyatuliwa Ghuba ya Ungwana.

Uamuzi wa kujenga baharini haukuwa wa fahari. Roketi hudondosha vipande vyake vilivyokwisha kuungua, na mashariki ya Ngomeni kuna maji matupu ya Bahari ya Hindi. Jukwaa linaweza kukokotwa na meli hadi mahali panapotakiwa likasimamishwa juu ya miguu yake pasipo kujenga bandari wala barabara. Vifaa vilikuwa vya mkono wa pili. Santa Rita lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta la kampuni ya taifa ya Italia, ENI, na San Marco lilitoka jeshi la Marekani. Kebo zililazwa chini ya bahari kati ya majukwaa hayo, yaliyoachana kama nusu kilomita hivi, ili walio Santa Rita waweze kuirusha roketi iliyoachwa peke yake San Marco. Scout ililazwa ndani ya banda refu ikaunganishwa vipande vyake, kisha ikainuliwa kusimama juu ya uwazi uliokatwa kwenye sakafu ya jukwaa, na moto wake ukaenda moja kwa moja majini.

Setilaiti ya kwanza kutoka hapo, San Marco 2, iliruka tarehe 26 Aprili 1967. Chombo chake cha kupimia kilikuwa cha Broglio mwenyewe, na uzuri wake ni urahisi: setilaiti ilikuwa na ganda la nje na kiini cha ndani, vimeunganishwa kwa vipande vyenye mnyumbuko. Hewa nyembamba ya juu ilipolisukuma ganda, ganda lilisogea kidogo ikilinganishwa na kiini, na msogeo huo ukapimwa. Hewa hiyohiyo iliimaliza setilaiti; mwezi Oktoba mwaka uleule ilikwisha kushuka na kuungua.

Scout yenyewe ilikuwa funzo la mwendo wa duara. Ilikuwa na ngazi nne za fueli yabisi, urefu wa mita 20 na zaidi kidogo. Ngazi tatu za kwanza ziliweza kuongozwa. Ya nne haikuwa na usukani wa aina yoyote. Kabla haijawashwa, viroketi vidogo vilivyowekwa ubavuni viliizungusha kwenye mhimili wake kwa kasi kubwa pamoja na setilaiti iliyobebwa. Kitu kinachozunguka hivyo hushikilia mwelekeo wa mhimili wake: msukumo mdogo wa pembeni, ambao ungekipindua kitu kilichotulia, hukifanya kiyumbe kidogo tu. Wahandisi walikuwa wamepata uongozi bila kubeba chombo cha kuongozea, na kila kilo waliyookoa ilikuwa kilo ya setilaiti.

Urushaji uliolipa jukwaa hilo jina lake katika elimu ya nyota ulifanyika tarehe 12 Desemba 1970, saa nane kasoro dakika chache mchana, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Setilaiti ilikuwa ya NASA, yenye uzito wa kilo 140 na kitu, ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei kutoka angani tu. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, ndiye aliyeipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Mwanasayansi mkuu alikuwa Riccardo Giacconi, Muitaliano aliyekuwa akifanya kazi Marekani.

Mzingo wa ikweta haukuwa anasa kwa kazi hii. Juu ya Atlantiki ya Kusini mkanda wa chembe zenye umeme unaoizunguka Dunia hushuka chini kuliko kwingine, na setilaiti inayopita humo hupofushwa vyombo vyake. Uhuru, iliyozunguka nyuzi 3 tu kutoka ikweta, iligusa ukingo wa eneo hilo na kuliacha. Kimo chake kilikuwa kilomita 540 hivi. Hapo mvuto wa Dunia ni mita 8.3 kwa sekunde mraba, na kasi ya mita 7,590 kwa sekunde, ikipigwa mraba na kugawanywa kwa umbali kutoka kitovu, hutoa mita 8.3 hizohizo, ndiyo maana haikupanda wala kuanguka. Kila mzunguko ulichukua dakika kama 96. Zaidi ya hapo setilaiti ilijizungusha yenyewe polepole, mara moja kwa dakika 12, vifaa viwili vilivyopeana mgongo vikifagia mbingu. Mwendo huo uliongozwa kwa sumaku-umeme zilizoegemea usumaku wa Dunia.

Kilichopatikana kilikuwa, kwa sehemu kubwa, miduara mingine. Chanzo kimoja katika kundinyota la Centaurus, kilichopewa jina Centaurus X-3, kilitoa eksirei kwa mapigo, pigo moja kila sekunde 4.8. Mapigo hayo hayakuwa sawasawa. Yaliharakisha kidogo, yakachelewa kidogo, kisha yakaharakisha tena, na kila baada ya siku 2.1 yalizimika kabisa kwa karibu nusu siku. Maelezo yalikuwa haya: chanzo ni nyota ndogo mno inayolizunguka jitu la nyota, ikija upande wa Dunia mapigo hukaribiana, ikienda zake huachana, na ikipita nyuma ya jitu hufichika. Kuharakisha na kuchelewa kulifuata mkondo laini kiasi kwamba ilijulikana njia yake ni duara karibu kamili. Chanzo kingine, Cygnus X-1, kilimetameta kwa namna ya haraka isiyo na mpangilio. Uhuru ilisaidia kubana mahali kilipo, na wenye darubini za kawaida wakaona nyota ya buluu hapo ikivutwa huku na huko kila siku 5.6 na kitu kisichoonekana. Kasi na muda wa mzunguko vikijulikana, uzito wa kinachovuta hukadiriwa kwa njia ileile ya Newton, na uzito huo ulizidi wa nyota yoyote iliyokufa inayofahamika. Cygnus X-1 ndicho kitu cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Baada ya kurushwa kwa Uhuru kulikuwa na miaka mitano yenye shughuli. San Marco 3 na Explorer 45 ziliruka mwaka 1971, SAS-2 mwaka 1972, San Marco 4 na Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974, SAS-3 mwaka 1975. Kisha kimya cha miaka 13, hadi San Marco 5 tarehe 25 Machi 1988, ya mwisho. Scout ilistaafishwa mwaka 1994. Setilaiti zilikuwa zimekuwa nzito, majukwaa yalikuwa yameliwa na chumvi, na roketi iliyofuata ya Italia, Vega, ilipoanza kuruka mwaka 2012 ilirushwa Kourou.

Kisichokwisha ni kazi ya nchi kavu. Kituo kilichopo ufukweni Ngomeni, ambacho sasa kina jina la Luigi Broglio, kina antena zinazozungumza na setilaiti, na hapo nafasi ya ikweta imebaki na thamani yake yote. Wanaastronomia wa eksirei bado wanautaka mzingo ule Uhuru iliouonyesha, ingawa sasa wanaurushia kutoka kwingine kwa gharama. BeppoSAX ya Italia ilitoka Florida mwaka 1996. IXPE, setilaiti ya NASA na Italia yenye kilo kama 330, iliondoka Florida tarehe 9 Desemba 2021 juu ya Falcon 9, roketi inayoweza kubeba zaidi ya tani 15. Sehemu kubwa ya nguvu hizo iliishia katika kugeuza mzingo kutoka nyuzi 28.5 za Florida hadi karibu na sifuri.

Kenya nayo iliunda Shirika lake la Anga mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya kusaini na Italia mkataba mpya unaohusu pia mafunzo na kugawana data. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na La Sapienza, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga mwaka 2018. Taifa-1, ya kuitazama ardhi ya Kenya, iliruka tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California. Walioshangaa kwa nini nchi ya ikweta ikodi roketi California hawakuuangalia mzingo wake. Taifa-1 hupita karibu na ncha za Dunia ili kila mahali paonekane kwa mwanga wa saa ileile, na kwa njia hiyo mita 464 za Ngomeni si msaada. Roketi ingelazimika kwanza kuzifuta.

Kwa setilaiti za ikweta hali ni kinyume. Chombo kinachopita juu ya ncha huonekana na kituo kimoja cha ikweta mara chache tu kwa siku, kwa sababu Dunia hugeuka chini yake. Chombo cha mzingo wa ikweta hurudi juu ya Ngomeni katika kila mzunguko. Dunia ikiwa imesogea mashariki wakati huo, dakika 96 za Uhuru huwa kama 103 kwa aliyesimama ufukweni, na hiyo ni mikutano 14 kwa siku, kila mmoja wa dakika chache za kushusha data na kupandisha amri.